Siasa za Uingereza: yasemwayo vijiweni na yaliyo kweli

Habari za siasa za Uingereza hutufikia vipande vipande: waziri mkuu kajiuzulu, boti zimevuka kutoka Ufaransa, mahakama imezuia ndege. Palipo na pengo tunaziba kwa uzoefu wa Nairobi au Dodoma, na hapo ndipo dhana potofu huota mizizi. Nyingi hazimdhuru mtu. Moja inawanyima Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wanaoishi huko haki ambayo tayari wanayo, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kwanza na ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

“Bila pasipoti ya Uingereza huwezi kupiga kura”

Si kweli. Sheria ya uwakilishi wa wananchi ya mwaka 1983 inampa kura raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza, aliyetimiza miaka 18, mradi awe na kibali halali cha kuwepo nchini, cha aina yoyote ile. Viza ya mwanafunzi inatosha. Viza ya muuguzi au ya mtunza wazee inatosha. Hakuna sharti la kukaa miaka mitano wala la kupata ukaazi wa kudumu. Na si kura ya diwani peke yake. Ni kura ya mbunge pia, ile inayoamua nani aunde serikali.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, kwa hiyo Wanyarwanda wamo pamoja na Wakenya, Waganda na Watanzania. Burundi, Kongo na Omani hazimo, na raia wake hawana kura ya ubunge. Lakini Scotland na Wales zilitunga sheria zao kuanzia 2020: mgeni wa taifa lolote mwenye kibali halali anaruhusiwa kuchagua bunge la Scotland au la Wales, na madiwani wa huko, tena kuanzia miaka 16. Mkongomani aliyepewa hadhi ya ukimbizi akiishi Glasgow anamchagua diwani wake. Akihamia Manchester, haki hiyo inakoma.

Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wa pekee, maana sheria ya kwao hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Halazimiki kuuacha uraia wake ili awe na sauti mahali anapofanya kazi na kulipa kodi.

Kujiandikisha hufanyika kwenye tovuti ya serikali kwa dakika chache. Unahitaji anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia na namba ya bima ya taifa, ile inayoandikwa kwenye hati ya mshahara. Asiye nayo bado anaweza kuomba, ila ofisi ya uandikishaji itamtaka alete uthibitisho mwingine. Mwisho ni saa sita usiku, siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Wikendi na sikukuu hazihesabiwi, na hapo ndipo wengi hupotea: wanahesabu siku 12 za kalenda na kukuta mlango umefungwa.

Siku ya kura vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na aliyekwisha kupanga foleni saa nne ikigonga ataruhusiwa kupiga kura. Kitambulisho chenye picha kinatakiwa tangu sheria ya mwaka 2022, kwa uchaguzi wa wabunge na kwa ule wa madiwani wa England. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata iliyopita muda wake, mradi picha bado inafanana nawe. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au cha Tanzania (NIDA) hakikubaliki, wala leseni ya udereva ya Afrika Mashariki. Picha ya hati kwenye simu haikubaliki pia, na hilo linawagusa wote ambao kadi zao za ukaazi zimebadilishwa kuwa viza ya kidijitali: chukua pasipoti yenyewe. Asiye na hati yoyote huomba cheti cha mpiga kura. Ni bure, na mwisho wa kuomba ni saa kumi na moja jioni, siku sita za kazi kabla ya uchaguzi.

Majina yetu nayo huleta usumbufu. Jina la kwenye daftari lifanane na la kwenye pasipoti. Tofauti ya herufi moja haina neno, lakini mwanamke aliyejiandikisha kwa jina la mume huku pasipoti ikiwa na jina la baba abebe cheti cha ndoa.

Wanaofanya kazi za zamu ndefu, na Waswahili wengi huko ni watu wa hospitali na nyumba za wazee, wanafaa kuomba kura ya posta. Mwisho wa maombi ni saa kumi na moja jioni, siku 11 za kazi kabla. Pamoja na karatasi ya kura huja fomu ndogo inayotaka sahihi na tarehe ya kuzaliwa, na kosa linalorudi kila mara ni mtu kuandika tarehe ya siku hiyo badala ya tarehe yake ya kuzaliwa. Kura hiyo hutupwa bila hata kuhesabiwa. Sahihi isiyofanana na ile ya kwenye maombi nayo huleta matokeo yaleyale.

Je, kujiandikisha kunahatarisha viza? Hapana. Sharti la viza linalokataza kutegemea fedha za umma linahusu misaada kama ya nyumba na ya kipato, na kura si msaada. Ila anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi bila kibali chochote hana haki hii bado, na kutoa taarifa za uongo ni kosa la jinai. Ofisi ya uandikishaji ina uwezo wa kuhakiki hali ya mtu na wizara ya mambo ya ndani.

Wapo wanasiasa na wachambuzi wanaotaka kura ya raia wa Jumuiya ya Madola ifutwe, wakidai ni mabaki ya himaya. Kwa maoni yetu hoja hiyo inasahau kuwa anayelipa kodi na ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka juu ya viza yake ana kila sababu ya kuuliza fedha hizo zinatumikaje.

“Waingereza walimchagua waziri mkuu, iweje abadilishwe bila uchaguzi?”

Hawakumchagua. Hakuna karatasi ya kura yenye swali la waziri mkuu. Mpiga kura humchagua mbunge wa jimbo lake, na mfalme humwita anayeweza kuungwa mkono na wabunge wengi katika Commons, baraza la wabunge wa kuchaguliwa. Akipoteza uungwaji mkono wa chama chake, kazi imekwisha.

Mwaka 2022 unaonyesha mtambo huu ulivyo. Mwezi Juni Boris Johnson alinusurika kura ya wabunge wa chama chake cha Conservative kwa 211 dhidi ya 148. Mwezi uliofuata mawaziri na wasaidizi zaidi ya 50 walijiuzulu ndani ya siku chache, naye akatangaza kuondoka. Liz Truss alipatikana kwa kura za wanachama: 81,326 dhidi ya 60,399 za Rishi Sunak. Hakumaliza miezi miwili. Sunak akaingia tarehe 25 Oktoba bila hata wanachama kupiga kura, kwa kuwa mshindani wake wa mwisho alijitoa. Hakuna sheria iliyovunjwa hata moja. Hoja ya kisiasa, kwamba kiongozi mpya afaa kwenda kwa wananchi, ni halali kabisa kuitoa, lakini ni hoja tu.

Tarehe ya uchaguzi nayo haijapangwa mapema. Sheria iliyoweka muda maalumu ilifutwa mwaka 2022. Bunge lililokutana Julai 2024 lina ukomo wa miaka mitano, hivyo uchaguzi unaofuata hauwezi kuvuka katikati ya Agosti 2029, ila waziri mkuu anaweza kumwomba mfalme alivunje wakati wowote kabla ya hapo.

“Aliyepata viti vingi amepigiwa kura na wengi”

Mkenya amezoea rais kutakiwa kuvuka nusu ya kura. Wabunge wa Uingereza hawana sharti hilo. Anayewazidi wenzake jimboni, hata kwa kura moja, amepita. (Ndivyo wanavyopatikana wabunge wa majimbo Kenya na Tanzania pia, kwa utaratibu uliorithiwa kutoka London.) Wagombea watatu wenye nguvu karibu sawa wakigawana kura na wengine wadogo, mshindi anaweza kuwa na robo tu.

Hilo lilitokea South West Norfolk mwaka 2024. Truss, ambaye mwaka 2019 alishinda hapo kwa tofauti ya kura zaidi ya 26,000, alipata kura 11,217. Mgombea wa Labour, Terry Jermy, alipata 11,847. Wa Reform UK hakuwa mbali nyuma yao. Jermy akaenda bungeni kwa asilimia 26.7 ya kura, maana yake karibu robo tatu ya waliojitokeza walimtaka mtu mwingine.

Jumlisha majimbo 650 ya namna hiyo upate matokeo ya nchi nzima. Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411, asilimia 63 ya bunge. Reform UK ilipata kura takriban milioni 4.1 na viti vitano. Liberal Democrats walipata milioni 3.5 na viti 72, kwa sababu kura zao zilikusanyika kwenye majimbo wanayoyamudu, wakati za Reform zilisambaa nchi nzima. Na Labour yenyewe mwaka 2017 ilipata kura milioni 12.9 ikaambulia viti 262. Mwaka 2024 ilipata milioni 9.7 tu ikashika dola. Kilichobadilika zaidi ni mgawanyiko wa wapinzani wake.

Kwa hiyo ukisikia kura za maoni zinasema chama fulani kina asilimia 28 au 30, usicheke. Kukiwa na vyama vitano vinavyogombana, kiwango hicho kinaweza kutosha kuunda serikali. Wananchi waliulizwa Mei 2011 kama wanataka kupanga wagombea kwa namba badala ya kuweka alama moja, na asilimia 68 hivi walikataa. Mjadala haujaisha, lakini chama kilichopewa ushindi na utaratibu huu hakina haraka ya kuubadili.

Usidhani pia kwamba kura moja ni bure. Hendon, kaskazini mwa London, mwaka huohuo iliamuliwa kwa tofauti ya kura 15.

“Mbunge akihama chama amepoteza kiti”

Kwa Kenya na Tanzania, ndiyo. Uingereza, hapana. Lee Anderson alihama Conservative kwenda Reform UK Machi 2024 na kubaki bungeni bila uchaguzi mdogo. Wananchi wanaweza kumwondoa mbunge katikati ya muhula kwa sababu tatu tu: amehukumiwa kifungo, amesimamishwa na bunge kwa siku 10 za vikao au zaidi, au amepatikana na hatia ya kudanganya kwenye madai ya posho. Hata hapo lazima asilimia 10 ya waliojiandikisha jimboni watie sahihi ndani ya wiki sita.

“Mfalme na mabwana wa Lords wanaweza kuzuia sheria”

Mara ya mwisho kwa mfalme au malkia kukataa kuidhinisha mswada ilikuwa 1708, enzi ya Malkia Anne. Baraza la Lords, lisilochaguliwa, huweza kuuchelewesha mswada wa kawaida kwa takriban mwaka mmoja na wa fedha kwa mwezi mmoja, kwa mujibu wa sheria za 1911 na 1949. Sheria ya kupiga marufuku uwindaji kwa mbwa ya 2004 ilipitishwa bila ridhaa yao. Nguvu yao halisi ni marekebisho: serikali yenye haraka hukubali kurekebisha kifungu ili isipoteze mwaka.

“Mahakama ya Umoja wa Ulaya ndiyo iliyoua mpango wa Rwanda”

Mpango huo ulikuwa wa Uingereza kuwapeleka Rwanda baadhi ya watu walioiomba hifadhi. Dai hilo lina makosa mawili ndani ya sentensi moja. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg si chombo cha Umoja wa Ulaya. Ni ya Baraza la Ulaya, lenye nchi 46, ambalo Uingereza ilishiriki kuliunda mwaka 1949. Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, haikuligusa.

Ni kweli kwamba usiku wa 14 Juni 2022 mahakama hiyo ilitoa zuio la muda na ndege ya kwanza haikuruka. Lakini mpango wenyewe ulitangazwa kuwa kinyume cha sheria na Mahakama ya Juu ya Uingereza, tarehe 15 Novemba 2023, majaji wote watano wakikubaliana. Walipima ushahidi kwamba waomba hifadhi wangeweza kurudishwa kutoka Rwanda hadi nchi walizozikimbia, na wakaeleza wazi kuwa katazo la kuwarudisha hivyo limo pia katika mikataba mingine na katika sheria za Uingereza yenyewe. Bunge likajibu Aprili 2024 kwa sheria iliyotamka kwamba Rwanda ni salama. Serikali ya Labour iliufuta mpango Julai 2024. Waliokuwa wamekwenda Kigali ni wanne, wote kwa hiari. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Yvette Cooper, aliliambia bunge kuwa gharama ilifika pauni milioni 700, na kati ya hizo milioni 290 zilikuwa zimelipwa Rwanda.

Kujitoa kwenye mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu, ule unaosimamiwa na mahakama ya Strasbourg, kunawezekana: kifungu cha 58 kinataka taarifa ya miezi sita. Ugumu uko kwingine. Makubaliano ya amani ya Ireland Kaskazini ya 1998 yanautaja mkataba huo kama kinga ya raia wake, na makubaliano ya biashara na Umoja wa Ulaya ya 2020 yanaruhusu ushirikiano wa polisi na mahakama kusitishwa Uingereza ikijitoa. Hata ikijitoa, mkataba wa wakimbizi wa 1951 ungebaki palepale.