Umeumwa na mbwa? Usingoje mbwa afe

Kichaa cha mbwa huambukizwaje?
Virusi vyake hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa kuumwa, kwa mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo, kisha hupanda kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Karibu wagonjwa wote duniani huambukizwa na mbwa.

Nimeumwa leo. Nimchunguze mbwa kwanza nione kama atakufa?
Hapana. Mbwa achunguzwe na wengine. Wewe osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya leo hii ukachanjwe.

Ni mkwaruzo mdogo tu.
Nenda.

Nina mimba.
Nenda. Chanjo ni salama kwa mjamzito.

Wiki tatu zimepita na sijambo.
Nenda leo! Dalili kwa kawaida hukawia miezi 2 hadi 3, pengine hata mwaka, na muda huo wa kimya ndio chanjo inapookoa. Mtu akishaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, hatuna dawa. Tunaletewa watoto wakiwa hivyo, kidonda kimepakwa pilipili au kimebandikwa jiwe jeusi, na familia imepoteza wiki nzima kwa mganga. Wazazi wangu, kwa heshima zote: acheni. Jiwe halinyonyi virusi.

Kituo kikikosa chanjo?
Omba barua ya rufaa uende hospitali siku hiyohiyo. Ukishaanza, maliza dozi zote.

Mbwa wangu wa kuwinda hakai nyumbani. Naye achanjwe?
Yeye hasa, kila mwaka. Huku Kasese, magharibi mwa Uganda, mbwa anayeingia hifadhi ya Queen Elizabeth hupeleka kichaa kwa fisi na mbweha, au hukileta nyumbani. Tena kichaa si peke yake: mwaka 1994, karibu theluthi ya simba wa Serengeti waliuawa na distempa, ugonjwa unaohusishwa na mbwa wa vijiji jirani. Simba wetu ni wachache kuliko wale. Kuwinda hifadhini ni kosa kisheria, basi mbwa abaki nyumbani. Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kusambaa. Siku ya chanjo ikitangazwa na mwenyekiti wa kijiji, mlete hata kama ni mkali. Mfunge kamba na mdomo.