Maana ya seppuku, na heshima iliyokuwa ikilindwa

Seppuku, desturi ya zamani ya Japani ya kujiua kwa kujikata tumbo, na harakiri ni kitu kimoja. Huandikwa kwa herufi mbili zilezile, ya kukata na ya tumbo, ila mpangilio umegeuzwa: seppuku ni neno la hati na hukumu, harakiri ni la mazungumzo. Na kwa nini tumbo? Mahali sisi tunapotaja moyo, Mjapani mara nyingi hutaja hara, yaani tumbo. Hata leo, kuzungumza "kwa kupasua tumbo" ni kusema yote bila kuficha.

Mwanzoni kilikuwa kitendo cha vitani. Mwaka 1180 jemadari Minamoto no Yorimasa, aliposhindwa huko Uji, alijiua katika hekalu la Byodo-in ili asitekwe. Katika enzi ya Edo (1603–1868) vita vilipopoa, seppuku ikawa hasa adhabu ya kifo ya samurai, watu wa tabaka la wapiganaji, yenye amri, mashahidi na utaratibu. Hapa ndipo wengi hupotoka, wakidhani kila seppuku ilikuwa hiari. Mhalifu wa kawaida alikatwa kichwa. Samurai alihesabiwa kuwa amejihukumu mwenyewe. Mara nyingi aliwekewa kipepeo cha kujipepea tu badala ya kisu, na kazi ilimalizwa na kaishaku, msaidizi aliyesimama nyuma yake na upanga. Kilicholindwa ni hadhi.

Mali ni jambo jingine. Mwaka 1701 Asano Naganori, bwana wa Ako, alimjeruhi Kira Yoshinaka ndani ya ngome ya Edo. Aliamriwa seppuku siku hiyohiyo, na himaya yake ikachukuliwa. Watumishi wake 47 walimvamia Kira na kumuua ili kulipiza kisasi. 46 kati yao wakahukumiwa seppuku mwaka 1703. Ilikuwa hukumu ya kati na kati: wafe kwa kuvunja sheria, lakini wafe kama samurai.

Ukifuatilia kisa hicho, angalia kalenda. Uvamizi ulikuwa tarehe 14 ya mwezi wa 12, mwaka wa 15 wa Genroku, jina la kipindi katika kalenda ya kale ya Kijapani. Wanaogeuza kwa haraka huandika Desemba 1702. Kwa kalenda yetu ni mwisho wa Januari 1703.

Usichanganye pia seppuku ya hukumu na junshi, yaani kumfuata bwana kaburini. Serikali ya Tokugawa, ukoo uliotawala enzi ya Edo, iliipiga marufuku junshi mwaka 1663, kwa kuwa ilimnyima mrithi watumishi bora. Nabeshima Mitsushige, bwana wa Saga, alikuwa ameshaikataza kwake tangu 1661. Ndiyo maana mtumishi wake Yamamoto Tsunetomo, ambaye maneno yake kuhusu kifo katika kitabu cha Hagakure hunukuliwa kila mahali, hakumfuata Mitsushige alipofariki mwaka 1700. Alinyoa kichwa, akawa mtawa, akaishi hadi 1719.