Mgombea wa kihafidhina New Hampshire: kila ahadi huishia kwenye bili ya nyumba

Kipeperushi cha mgombea wa kihafidhina wa bunge la jimbo hapa New Hampshire, Marekani, kinatabirika. Hakuna kodi ya mapato, hakuna kodi ya mauzo. Mzazi achague shule. Mji ujiamulie mambo yake. Bunduki ni haki. Uchaguzi uwe safi. Ukikigeuza upande wa pili utakuta picha ya familia na mbwa.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yangu ni kupitia vitabu vya fedha vya miji midogo na wilaya za shule, kwa hiyo vipeperushi hivi navisoma kwa swali moja tu: ahadi hii ikitimia, fedha zitatoka mfuko gani? Wasemaji wenzangu wa Kiswahili wa Manchester na Concord, wengi wao Wakongomani waliokwisha kupata uraia na sasa wana kura, wamekuwa wakiniuliza watu hawa wanataka nini hasa. Nitaeleza ninavyoelewa, na sina mtu ninayempigia debe.

Kwanza, ukisikia "mbunge" usianze kufikiria msafara wa magari na mlinzi wa kumfungulia mlango. Baraza la Wawakilishi la jimbo hili lina wajumbe 400 kwa watu wapatao milioni 1.4, yaani mjumbe mmoja kwa kila watu 3,400 hivi. Mshahara wake ni dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili. Kiwango hicho kiliwekwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1889 na mpaka leo hakijapanda. Ndiyo maana wengi wao ni wastaafu, au wenye biashara zao, au watu ambao mwenzi wao ndiye analeta mshahara nyumbani. Kijana mwenye watoto wawili na zamu za usiku ghalani hawezi kazi hii, na hilo linaonekana bungeni. Faida yake ni kwamba mgombea anakuja kubisha hodi mwenyewe, na unaweza kumbana palepale mlangoni.

Tuanze na kodi, maana hapo ndipo mengine yote yanapoanzia. Mwaka 1972 Meldrim Thomson aligombea ugavana kwa kuapa kwamba atapinga kodi yoyote ya jumla ya mauzo au ya mapato. Akashinda. Tangu hapo kiapo hicho kimekuwa sharti la mwanasiasa yeyote mwenye hamu ya kushinda, na Democrat wengi nao wamekila. Kulikuwa na kodi moja ndogo juu ya riba na gawio la hisa, nayo ilifutwa kuanzia Januari 1, 2025. Mhafidhina atakuambia kwamba hii ndiyo sababu watu wanahama Massachusetts na kuja huku, na hadanganyi. Mtu akipokea mshahara wake hapa hakatwi kodi ya jimbo hata senti, na akienda dukani bei iliyoandikwa ndiyo anayolipa.

Lakini theluji lazima iondolewe barabarani na mwalimu lazima alipwe. Fedha hizo zinatoka kwenye kodi ya majengo. Chukua bili ya mji wowote uitazame: ina sehemu nne, ya mji, ya kaunti, ya shule za mji na ya elimu ya jimbo, na katika miji mingi shule peke yake inakula zaidi ya nusu. Usiseme "mimi ni mpangaji, hainihusu." Mwenye nyumba anaigawanya bili ile kwenye kodi za pango za wapangaji wake, na wewe unailipa kila mwezi bila kuiona.

Ubaya wa kodi hii ni hesabu yake. Chukua miji miwili ya kufikirika, kila mmoja unahitaji dola milioni 4 kwa shule zake. Mmoja una majengo na ardhi ya thamani ya dola bilioni 1, kwa sababu uko kando ya ziwa na matajiri wamejenga nyumba za likizo. Wa pili una mali ya dola milioni 200, kwa sababu viwanda vyake vilikufa zamani. Wa kwanza utatoza dola 4 kwa kila dola 1,000 za thamani. Wa pili utatoza 20. Nyumba ya dola 300,000 italipa 1,200 kule na 6,000 huku, kwa shule zenye bajeti ileile. Hali halisi inakaribia hapo: linganisha Moultonborough, kwenye ziwa Winnipesaukee, na Berlin au Claremont, miji ya hapa ambayo viwanda vyake vilikufa.

Claremont ndiyo iliyokwenda mahakamani. Mwaka 1993, na tena 1997, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema elimu ya kutosha ni wajibu wa jimbo na kodi ya kuilipia iwe na kiwango sawa kila mahali. Wahafidhina wengi mpaka leo wanaona majaji waliingia kazi isiyo yao, na utasikia wagombea wakisema hivyo waziwazi. Julai 2025 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba mgawo wa msingi wa jimbo, dola 4,100 na kidogo kwa mwanafunzi, hautoshi, na kwamba usingefaa kuwa chini ya dola 7,356. Gharama halisi ya mwanafunzi mmoja kwa wastani ni zaidi ya dola 20,000. Pengo lile linazibwa na nani? Rudi kwenye bili.

Kuna mchezo mwingine ambao kwenye vitabu nauona wazi kuliko kwenye hotuba. Zamani jimbo lilikuwa likiilipia miji asilimia 35 ya mchango wa mwajiri kwenye pensheni za walimu, polisi na wazima moto. Democrat walianza kuipunguza, Republican, chama cha wahafidhina wengi, wakaimalizia mwanzoni mwa muongo wa 2010. Bajeti ya jimbo ikaonekana imebana matumizi, na miji ikapandisha kodi kulipa kilekile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo mgombea akikuambia "tulipunguza matumizi ya serikali", muulize serikali ipi.

Sasa uchaguzi wa shule. Mwaka 2021 bunge lilianzisha Akaunti za Uhuru wa Elimu: mzazi akimtoa mtoto shule ya umma, mgawo wa jimbo unamfuata mtoto huyo, akaulipie ada ya shule binafsi au vifaa vya kusomea nyumbani. Mwanzoni zilikuwa za familia zenye kipato cha chini na cha kati. Juni 2025 Gavana Kelly Ayotte alitia saini sheria ya kuondoa kikomo cha kipato, na nafasi zikawekewa ukomo wa 10,000 kwa mwaka wa kwanza. Najua wazazi wetu wanaolipenda jambo hili, hasa wenye watoto katika shule za Kikatoliki, na sioni sababu ya kuwabeza. Ninachowaambia ni cha kihasibu. Mtoto mmoja akiondoka, mgawo wake unaondoka pia, lakini basi la shule bado linapita njia ileile na darasa bado linahitaji joto. Na familia iliyokuwa ikijilipia ada siku zote sasa nayo inapokea, wakati hakuna gharama iliyopungua popote.

Anayetaka kuona msimamo wa "serikali ndogo" ukipelekwa hadi mwisho wake, asome kisa cha Croydon, mji wa watu 800 hivi. Hapa miji mingi bado inafanya mkutano mkuu wa wananchi kila Machi: unakaa ukumbini, unanyoosha mkono, bajeti inapita au haipiti. Machi 2022, siku ya theluji, mjumbe mmoja wa halmashauri ya mji alisimama akapendekeza bajeti ya shule ikatwe kutoka dola milioni 1.7 hadi 800,000. Hoja yake ilikuwa kwamba dola 10,000 kwa mtoto zinatosha, na wanaotaka zaidi wachangie. Wakapiga kura. Ikapita, 20 kwa 14. Watu 34 wakawa wamepunguza bajeti ya shule kwa zaidi ya nusu, na wazazi waliobaki nyumbani wakasikia habari jioni.

Kilichofuata ndicho kinanifanya nisikubali kirahisi kwamba hili ni suala la wahafidhina dhidi ya wengine. Croydon ni mji wa kihafidhina, na walioamka kuirudisha bajeti walikuwa humo Republican wa miaka yote, watu wanaochukia kodi kwa moyo wao wote. Sheria ilitaka nusu ya wapigakura walioandikishwa wahudhurie mkutano maalumu, ndipo uamuzi ubadilishwe. Wapinzani waliwasihi watu wabaki nyumbani ili idadi isitimie. Mwezi Mei watu walikuja, na kura zikawa 377 kwa 2. Mgombea anayejiita mhafidhina anaweza kuwa upande wowote kati ya hizo mbili, na kipeperushi hakitakuambia ni upi.

"Mji ujiamulie mambo yake" nayo ina mipaka yake. Kwenye bajeti ya shule, ndiyo. Kwenye bunduki, hapana: sheria ya jimbo inaikataza miji kutunga kanuni zake, na tangu 2017 mtu anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila leseni. Kwenye uhamiaji, hapana pia. Mei 2025 zilitiwa saini sheria mbili zinazoizuia miji kuwa na sera ya kuwakataza polisi wao kushirikiana na maofisa wa uhamiaji wa serikali ya shirikisho. Wenye mashaka na hali ya ndugu zao wamwulize mgombea kuhusu sheria hizi moja kwa moja, wasiridhike na "mimi naunga mkono uhamiaji halali." Kila mtu anasema hivyo.

Kwenye nyumba za kuishi wahafidhina wenyewe wamegawanyika, na hapa naona wana hoja nzuri kuliko wapinzani wao wengi. Bei ya kati ya nyumba ya familia moja imepita dola nusu milioni. Sababu mojawapo ni kanuni za miji zinazodai viwanja vikubwa na kukataa kila kitu kisicho nyumba ya familia moja. Kundi moja la Republican linasema ardhi ni yangu, niache nijenge, na mwaka 2025 lilisaidia kupitisha sheria inayomruhusu mwenye nyumba kujenga nyumba ndogo ya pili kiwanjani mwake, iliyoungana na kubwa au iliyojitenga, bila kuomba ruhusa maalumu ya bodi. Kundi la pili linasema Concord, yaani serikali ya jimbo, isiiingilie miji. Familia ya Kikongo yenye bibi, wazazi na watoto sita inajua inalihitaji kundi gani. Mwulize mgombea yuko wapi, na umwache ajieleze mpaka mwisho.

Limebaki la uchaguzi safi. Sheria iliyotiwa saini 2024, ikaanza baada ya uchaguzi mkuu wa Novemba mwaka huo, inamtaka anayejiandikisha kwa mara ya kwanza kuonyesha hati ya uraia. Kiapo cha mdomo au cha maandishi hakikubaliwi tena. Mgombea wa kihafidhina ataitetea, na huna haja ya kubishana naye mlangoni. Jiandae tu: pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia chenyewe, kitambulisho chenye picha, uthibitisho wa unapoishi, na kama jina lako lilibadilika ulipoolewa, cheti cha ndoa pia. Unaweza kujiandikisha siku ileile ya kura, lakini ukikosa karatasi moja unaweza kurudishwa nyumbani, kwa hiyo ni afadhali kwenda kwa karani wa mji wiki chache kabla, wakati hakuna foleni.