Aliyefungwa Raundi ya Kwanza: Ninavyoendesha Mashindano ya Chesi Dodoma

Mashindano ya kwanza niliyoyasimamia hapa Dodoma niliyaendesha kwa mtoano, kama kombe la mpira wa mtaani. Walijiandikisha watu 24. Kabla ya saa nne na nusu asubuhi, 12 walikuwa wameshamaliza siku yao. Wengine walikuwa wametoka Ihumwa na Nkuhungu, wamelipa nauli na kiingilio, wamecheza nusu saa, basi. 12 wakawa sita, sita wakawa watatu, na hapo ikabidi nipige kura ili mmoja aingie fainali bila kucheza. Fainali yenyewe ilichezwa mbele ya viti vitupu. Jumatano iliyofuata, siku yetu ya kukutana, walikuja watu saba.

Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifundisha kazi hii. Tangu siku ile kila ninachokipanga nakipima kwa swali moja: aliyefungwa raundi ya kwanza, saa nane mchana atakuwa anafanya nini? Jibu likiwa "yuko nyumbani", nimeharibu. Bingwa hana haja ya kubembelezwa, atarudi mwenyewe. Klabu inaishi au inakufa kwa hawa wengine.

Dawa yake ni mfumo wa Uswisi, na unaitwa hivyo kwa sababu ulitumika kwanza Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Kila mtu anacheza raundi zote, lakini kila raundi anapangiwa mtu mwenye pointi sawa na zake au zinazokaribiana. Ushindi ni pointi moja, sare nusu, kufungwa sifuri. Chukua wachezaji 22, idadi yetu ya kawaida. Nawapanga kwa uwezo kuanzia wa kwanza hadi wa 22, halafu naikata orodha katikati: wa kwanza anakutana na wa 12, wa pili na wa 13, mpaka wa 11 na wa 22. Raundi ya pili walioshinda wanakutana wenyewe kwa wenyewe, waliofungwa vilevile. Kufikia raundi ya tatu wababe wameshaanza kuumizana kule meza za mbele, na yule mtoto wa darasa la sita aliyefungwa mbili za mwanzo amekaa na mtu wa saizi yake, na hapo ndipo mchezo wake mtamu wa siku unapoanzia.

Tunacheza raundi tano. Kwa nini tano? Kila raundi, wenye pointi kamili hupungua kwa nusu hivi. 32 wanabaki 16, kisha wanane, wanne, wawili, mmoja. Kwa hiyo raundi tano zinatosha kumpata bingwa katika watu hadi 32. Ligi ya kila mtu kukutana na kila mtu ingetaka raundi 21 kwa watu 22, na hiyo ni ya kucheza Jumatano baada ya Jumatano, si ya siku moja.

Masharti yapo. Watu wawili hawakutani mara mbili katika mashindano yaleyale. Mtu hapewi rangi moja mara tatu mfululizo, kwa sababu mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, na kuanza ni faida. Idadi ikiwa witiri, mmoja wa walio chini anapata pointi ya bure na kupumzika, ila hapewi mara ya pili. Na hiyo pointi ya bure si zawadi kama wengi wanavyodhani. Mtoto amekuja kucheza, wewe unamwambia akae. Mimi kwa raundi hiyo humwita meza ya mwamuzi tucheze naye mchezo usiohesabiwa, au namkalisha na mchezaji mzoefu ambaye hakujiandikisha.

Programu za kompyuta za kupanga raundi zipo, na ile ya Swiss-Manager imeidhinishwa na FIDE, shirikisho la chesi la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Naitumia. Lakini kadi za mkono sijaziacha. Kila mchezaji ana kadi yake ya manila: jina, pointi, rangi alizochezea, wapinzani aliokutana nao. Umeme ukikatika tunaendelea. Kuna sababu nyingine pia. Kadi zikiwa zimepangwa mezani, mchezaji anaweza kusimama hapo akaona kwa macho yake kwa nini kapangiwa fulani. Nimeona manung'uniko mengi yakifia kwenye meza ile.

Siku moja mwenyewe nilikaribia kumpoteza mchezaji kwa sababu ya uandishi. Raundi ya tatu, meza ya sita, nilimwandikia ushindi mtu aliyefungwa. Msichana aliyeshinda hakusema kitu. Alipangiwa raundi ya nne na watu wa pointi moja, akakaa, akacheza. Katikati ya raundi akaja taratibu, akainama sikioni: "Mwalimu, ule mchezo wa meza ya sita nilishinda mimi." Nikamwita mpinzani wake, akakubali palepale. Raundi iliyokwisha kuanza huwezi kuivunja, ungewaonea wengine wote. Nikamrekebishia pointi, na raundi ya tano akapangiwa anapostahili. Nikamwomba radhi mbele ya watu, maana kosa lilikuwa limebandikwa ukutani mbele ya watu.

Tangu hapo, kila meza ina kikaratasi cha matokeo na wote wawili wanatia sahihi. Matokeo yote yanabandikwa, na yanakaa dakika tano kabla sijapanga raundi inayofuata. Nawaambia kwa sauti: njooni mwangalie majina yenu. Kuanzia Juni mpaka Septemba kuna kazi ya ziada, upepo wa Dodoma. Dirisha likiachwa wazi, raundi nzima inaruka. Tunabandika kwa selotepu pembe zote nne, na vikaratasi vya mezani tunavibana kwa vijiwe.

Mwisho wa siku watu wawili au watatu hulingana pointi, na hapa maneno huwa mengi. Kabla ya raundi ya kwanza natangaza na kubandika namna tutakavyowatenganisha. Tunatumia hesabu ya Buchholz: unajumlisha pointi za wapinzani wote uliokutana nao. Wewe una nne, mimi nina nne. Wapinzani wako wakijumlishwa wana 15, wangu wana 12 na nusu, basi wewe uko juu, kwa kuwa ulipita njia ngumu zaidi. Watu wanaikubali vizuri sana ikielezwa mapema. Ikielezwa saa kumi na moja jioni, mbele ya kombe, inaonekana umeitunga kumbeba mtu.

Muda ndio unaoshika vyote hivyo pamoja. Tunacheza dakika 20 kila mtu, kwa hiyo mchezo kwa kawaida hauvuki dakika 40. Weka kumi za kupanga na kubandika, inakuwa dakika 50 kwa raundi, na raundi tano ni saa nne na dakika kumi. Tukianza saa saba na nusu mchana tunamaliza saa kumi na moja na dakika arobaini, na watoto wanafika nyumbani jua halijazama. Saa za chesi tunazo sita. Meza zilizobaki wanatumia simu yenye programu ya saa, imelazwa katikati, imezimwa mtandao na mlio. Hilo la mlio sina msamaha nalo, simu ya mchezaji ikilia kafungwa, na natangaza hivyo mwanzoni mara mbili.

Siku gani ya wiki? Jambo hili dogo limenipa tabu kuliko kanuni zote za FIDE. Jumamosi unawakosa Wasabato. Jumapili asubuhi unawakosa waendao kanisani. Ijumaa mchana kuna sala. Sasa tunabadilishana: mwezi mmoja Jumamosi, mwezi unaofuata Jumapili baada ya ibada. Septemba nawaacha darasa la saba na mtihani wao, Novemba kidato cha nne. Bunge la bajeti likiwa linakaa, Aprili mpaka Juni, mji unajaa, kumbi zinapanda bei, lakini pia tunapata wageni. Kuna madereva na waandishi wa habari wanaokaa hapa miezi mitatu na wanajua kucheza kwelikweli. Nawapa kadi kama wenyeji.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kete za plastiki zenye mfalme wa sentimita tisa na nusu, ndicho kipimo cha FIDE, na ubao wenye miraba ya sentimita tano na nusu. Mbao zetu nyingi ni za plaiwudi, sentimita 44 za kucheza na ukingo wa kuandikia herufi, zimechongwa na fundi wa hapa mjini. Ukitengenezesha, mpe fundi mchoro na umwonyeshe kwa kidole: mraba wa a1, yaani wa pembe ya mkono wako wa kushoto, ni mweusi, wa pembe ya mkono wako wa kulia ni mweupe. Mimi nilimwambia kwa simu, nikaletewa mbao sita zenye herufi zimeanzia pembe isiyo yake. Tukazipiga msasa na kuandika upya.

Jumatano ndiyo klabu yenyewe. Mashindano ni mara moja kwa mwezi, Jumatano ni kila wiki, saa kumi na nusu jioni. Nusu saa ya kwanza ni somo moja dogo, na nalitoa kwenye mchezo wa mtu aliyefungwa wiki iliyopita, kwa ridhaa yake. Namuuliza alikuwa anafikiri nini, sisemi alikosea wapi. Wenzake wanatafuta. Baada ya hapo tunacheza, na kila mgeni wa siku ya kwanza anapewa mwenyeji mmoja wa kukaa naye jioni nzima. Huyo mwenyeji simchagui kwa ubingwa, namchagua kwa subira.

Wageni wetu wazuri wengi wanatoka kwenye drafti. Kamusi inauita mchezo wetu sataranji, vijana wanasema chesi, lakini wazee wa pale chini ya mwarobaini Majengo wanauita "drafti la farasi", na mimi sina ugomvi na jina hilo. Wanaona mbali wazee hawa. Wana ugumu wa namna moja tu, na ukiujua unawasaidia haraka. Kwenye drafti, kete ikikaa mdomoni lazima uile. Mzee mmoja alikuja Jumatano, malkia wake akala askari, akala askari wa pili, mara malkia kazingirwa.

"Shikamoo mzee. Huku si lazima ule."

"Marahaba mwanangu. Kete iko mdomoni halafu niiache?"

"Iache. Jiulize kwanza nani anakuangalia."

Akanyamaza muda mrefu, kidevu mkononi. Wiki tatu baadaye niliona kwa macho yangu akitegewa askari wa bure, akamtazama, akasogeza ngome yake pembeni. Akanipigia jicho kutoka meza ya pili. Furaha niliyoipata pale siwezi kuilinganisha na kombe lolote nililowahi kukabidhi.

Jambo la pili la drafti ni wapambe. Chini ya mti, mtazamaji ana haki ya kupiga kelele, na nusu ya utamu uko hapo. Chesi haitaki. Anayenong'ona "farasi, farasi" ameharibu mchezo wa watu wawili kwa mpigo, aliyesaidiwa na aliyeonewa. Sikuwahi kulimaliza kwa ukali. Nilitenga meza moja nje, kwenye baraza, ya kupiga kelele. Ukitaka kumsaidia mtu, nenda kule. Humu ndani, midomo imefungwa.

Kanuni ya gusa-sogeza naifundisha Jumatano ya kwanza kabisa, hata kabla mtu hajajua farasi anarukaje vizuri. Ukigusa kete yako unaisogeza, ukigusa ya mwenzako unaila, ikiwezekana kisheria. Mtoto akizoea kurudisha kete Jumatano, siku ya mashindano atalia, na atakayemliza ni mimi nisiyemzoesha. Hivyo hivyo kwa hatua isiyoruhusiwa: mara ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika mbili, mara ya pili umefungwa. Watu wazima huona aibu zaidi ya watoto likiwapata hilo, ndiyo maana naenda mezani na kusema kwa sauti ya chini.

Zawadi tunagawa hivi: mshindi wa kwanza, wa pili, wa tatu, msichana aliyeongoza, mtoto aliyeongoza, na aliyepanda zaidi, yaani aliyemaliza juu kuliko nafasi aliyoanzia kwenye orodha. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitangaza mwisho, baada ya bingwa, na watu wote hukaa kuisubiri. Mara nyingi mtu huyo ni mmoja wa waliofungwa raundi ya kwanza.

Kisha hakuna anayeondoka kabla hatujahesabu. Meza 11, kete 32 kila moja, jumla 352. Kila jozi ya mwisho inahesabu za meza yake na kupiga kelele namba. Mwezi uliopita tulipata 351, farasi mweusi hayupo. Tulimtafuta chini ya viti na kwenye mikoba mpaka giza likaingia. Jumatano mtoto mmoja akaja naye kiganjani, amefungwa kwenye leso. Alikuwa amempeleka nyumbani kumwonyesha mdogo wake anavyoruka. Mdogo mtu naye alikuwa amesimama mlangoni. Nikaongeza kiti.