Shaaban Robert hakuwa profesa jamani

Kuna hii kauli watu wanaipenda sana, eti huwezi kuandika kitabu cha maana kama hujasomea fasihi chuo kikuu, na hao hao ukiwauliza mwandishi wao bora wanakutajia Shaaban Robert. Sasa huyo mzee kazaliwa 1909 Vibambani kule Tanga, shule kasoma Dar kuanzia 1922 hadi 1926, basi, chuo kikuu cha Dar kimefunguliwa 1961 na yeye kafariki 1962, angesomea wapi hiyo digrii?

Alikuwa karani. Forodha kakaa miaka kama 18 hivi, halafu idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya Tanga, upimaji ardhi, makaratasi tu kila siku. Ila alikuwa msomaji hasa, hadi tungo za Omar Khayyam, mshairi wa zamani wa Uajemi, kazitoa kwenye Kiingereza kazileta kwa Kiswahili. Na riwaya yake Kusadikika ya 1951, ile tuliyokaririshwa shuleni mpaka tukaichukia (na haikustahili kabisa), unajua mhusika mkuu Karama kashtakiwa kwa kosa gani? Kufundisha watu sheria! Mtu yuko kizimbani sababu ya kufundisha, anajitetea kwa visa vya wajumbe sita, na aliyeyatunga hayo ni karani wa serikali ya mkoloni.

Sisemi chuo hakina maana. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, kafundisha chuo kikuu cha Kent Uingereza miaka mingi tu na Nobel ya fasihi kaichukua 2021, ila hata yeye alianza kuandika kijana wa miaka kama 21, uprofesa ulimkuta mbele ya safari.