Kihisi cha Hall husomwa kuanzia katikati

Majuzi mwendesha boda ya umeme alinijia hapa karibu na soko la Kibuye, Kisumu, akiisukuma pikipiki. "Fundi, hii kitu inataka kwenda yenyewe," akaniambia. Tuliliinua gurudumu la nyuma, nikaiwasha. Aksileta ilikuwa imeachiliwa kabisa, lakini gurudumu lilizunguka polepole. Alikuwa ameshaambiwa anunue kontrola mpya, kile kisanduku kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani, na pesa alikuwa ameanza kuzichanga.

Nilidunga ncha za multimita nyuma ya plagi ya aksileta bila kuichomoa. Waya wa ishara ulikuwa na volti 1.4. Aksileta nyingi za aina hii, zikiachiliwa, hutoa karibu volti 0.8, na zikivutwa hadi mwisho hukaribia volti 4. Kontrola haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inatii ilichoambiwa.

Ndani ya aksileta hiyo hakuna kinachosuguana. Kuna sumaku inayozunguka na mkono, na mbele yake kihisi cha Hall cha analogi, kitu cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho volti yake hupanda na kushuka kidogo kidogo kufuata sumaku. Ndiyo maana vumbi la barabarani na mvua ya hapa kwetu havikimalizi haraka kama vinavyomaliza rezista ya kuzungusha. Gundi ya sumaku ndiyo ilikuwa imeachia, sumaku ikasogea upana wa ukucha.

Edwin Hall aliligundua jambo lenyewe mwaka 1879 akiwa mwanafunzi Baltimore, Marekani. Alipitisha mkondo wa umeme kwenye jani jembamba la dhahabu, akaliweka katikati ya nguvu ya sumaku, na volti ndogo sana ikajitokeza kati ya pande mbili za jani. Sumaku huzisukuma chaji zinazopita ziegemee upande mmoja. Hata elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa, ilijulikana 1897. Vihisi vya leo hutumia kipande cha semikonda badala ya dhahabu, na ndani yake kuna amplifaya inayoikuza ile volti.

Sasa jambo ambalo vijana wanaokuja kujifunza kwangu huliruka. Chukua kihisi cha analogi kiitwacho 49E, ambacho ndicho rahisi kukipata. Ukikipa volti 5 bila sumaku yoyote karibu, hakitoi sifuri. Hutoa nusu ya umeme uliokipa, yaani karibu volti 2.5. Ncha ya kusini ya sumaku ikielekea upande wenye maandishi, volti hupanda. Ncha ya kaskazini ikielekea hapo, hushuka. Kwa hiyo kinakuambia ni ncha gani na ina nguvu kiasi gani: takriban milivolti 1.4 kwa kila gausi moja, kipimo cha nguvu ya sumaku. Pima kwanza kikiwa kimetulia, andika namba hiyo, kisha ndipo uandike programu ya kukisoma. Usiandike 2.5 kwa sababu uliisoma mahali. Kila kimoja kina katikati yake.

Kuna ndugu yake, 3144, wanaofanana kama mapacha. Huyo ni swichi tu, ndiyo au hapana, na kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu anatosha kabisa. Ukitaka kujua sumaku iko umbali gani, hakufai. Nikiletewa vihisi vilivyochanganyika kwenye karatasi moja, huvipa umeme kimoja kimoja: kinachotoa nusu ya volti ndicho cha analogi.

Umeme wa kukilisha una maana kubwa. Volti 5 za waya wa kompyuta mara nyingi ni 4.7, na katikati hushuka pamoja nazo. Ukilisha kihisi pamoja na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayozigawa volti zake katika hatua 1024, kutoka chanzo kimoja, usomaji hubaki karibu 512, katikati ya hatua hizo, kwa kuwa vyote viwili vimeshuka sawasawa. Ukivilisha mbali mbali, utahangaika usiku kucha kutafuta sumaku ambayo haipo.

Hatua moja ya Uno ni karibu milivolti 4.9, sawa na gausi 3.5 hivi. Uga wa sumaku wa dunia hapa Kenya ni kama theluthi moja ya gausi. Basi anayetaka kutengeneza dira kwa 49E na Uno anatafuta kitu kilicho kidogo zaidi ya mara kumi kuliko hatua moja. Kwa dira kuna vihisi vingine.

Umbali nao unadanganya. Sumaku ndogo ikishakuwa mbali kiasi, ukiongeza umbali mara mbili nguvu hubaki sehemu moja kwa nane. Ikiwa karibu kabisa, hesabu hiyo haishiki. Mimi hupanga kadi za kupigia simu za zamani kati ya sumaku na kihisi, naongeza moja moja huku nikiandika volti, napata jedwali langu mwenyewe. Sumaku ya spika kuukuu inatosha kwa zoezi hili.

Sumaku ya yule kijana niliirudisha kwa gundi ya epoksi. Kabla ya kuifunga nilipima tena: 0.85 ikiwa imeachiliwa, 4.1 mwisho. Kipimo hicho hakirukwi, na gurudumu liwe hewani. Sumaku ikigeuzwa kwa bahati mbaya, kihisi kitatoa volti 4 mkono ukiwa haujaguswa, na baadhi ya kontrola zitaelewa kwamba mwendeshaji amevuta hadi mwisho.