Singapore hadi Bangkok ni saa ngapi kwa ndege?

Umbali wa anga kati ya viwanja viwili ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na muda wa safari katika ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka maegeshoni hadi inaposimama maegeshoni kule iendako. Kati ya Changi, Singapore, na Suvarnabhumi, Bangkok, umbali huo ni takriban kilomita 1,400, na ratiba kwa kawaida hutaja muda wa saa mbili na dakika ishirini na ushei.

Hata hivyo, wasafiri hawaachi kusimulia kwamba kwenda Bangkok ni saa moja na nusu, ilhali kurudi ni saa tatu na nusu, na wengine huusingizia upepo. Njia hii huelekea kaskazini, na kwa kawaida upepo wake huongeza au hupunguza dakika tu. Wanachofanya ni kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, wakisahau kwamba kila moja imeandikwa kwa saa za mji wake. Tuseme ndege imeondoka Singapore saa nne asubuhi na kufika Bangkok saa tano na dakika 25, kisha ikaondoka Bangkok saa saba mchana na kufika Singapore saa kumi na dakika 25. Safari zote mbili zimechukua saa mbili na dakika 25, kwa kuwa Singapore iko mbele kwa saa moja.

Tofauti hiyo yenyewe ni uamuzi wa serikali kuliko wa jua. Singapore iko karibu na nyuzi 104 mashariki, na kwa hesabu ya longitudo ingestahili kutumia saa zilezile za Bangkok. Hadi mwisho wa mwaka 1981 ilikuwa mbele kwa nusu saa tu. Kisha Malaysia ikaamua kulinganisha saa za rasi yake na za Sabah na Sarawak, majimbo yake yaliyo katika kisiwa cha Borneo, na Singapore, ambayo biashara na watu wake huvuka mpaka huo kila siku, ikaifuata. Ndiyo maana jua huchomoza huko karibu saa moja asubuhi mwaka mzima, jambo ambalo mtu wa Mombasa, aliyezoea siku ianze saa kumi na mbili, ataliona geni.

Wapo pia wanaogawanya kilomita 1,400 kwa mwendo wa kilomita 840 kwa saa, wakapata saa moja na dakika arobaini, kisha wakalilaumu shirika kwa kuchelewa. Hesabu hiyo inafaa kwa ndege iliyokwisha kufika juu, tena iliyonyooka. Ndege halisi husukumwa nyuma, hujikokota hadi njia ya kurukia, hupanda, hufuata njia za anga zenye kona, na hupunguza mwendo ikisubiri zamu ya kutua. Yote hayo yamo ndani ya muda wa ratiba, pamoja na dakika za akiba.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa, geuza kwanza saa zote mbili ziwe za mji mmoja. Atakayekupokea uwanjani, yeye mwambie saa ya kufika kama ilivyoandikwa, bila kuigeuza, na umtajie kiwanja pia, kwani Bangkok ina kingine, Don Mueang.